Kiran Bedi: kreni, Tihar na cheo alichonyimwa

*Je, ni kweli kwamba Kiran Bedi, aliyekuwa ofisa wa polisi wa India, alilivuta kwa kreni gari la waziri mkuu Indira Gandhi?*

Swali hili hurudi kila mara, na wanaolisambaza laiti wangesoma kwanza. Gari la ofisi ya waziri mkuu liliondolewa Delhi mwaka 1982 kwa kuegeshwa vibaya, Indira Gandhi akiwa ziarani Marekani, na aliyeliondoa ni mkaguzi msaidizi Nirmal Singh. Bedi, aliyekuwa mkuu wake katika kikosi cha usalama barabarani, alisimama upande wa askari wake na kukataa kumtoa kafara. Hilo ndilo la kumsifia, kwa kuwa wakubwa wengi wakipigiwa simu kutoka juu humtafuta mdogo wa kumtwisha lawama.

*Kabla yake India haikuwa na polisi wanawake?*

Ilikuwa nao, lakini katika vyeo vya chini. Yeye aliingia mwaka 1972 akiwa mwanamke wa kwanza katika ngazi ya maofisa wakuu.

*Kupelekwa kuongoza magereza ya Delhi mwaka 1993 kulikuwa kupandishwa au kutupwa?*

Wengi waliona ametupwa. Gereza la Tihar, lililoko Delhi, lilikuwa na watu zaidi ya 8,000, wengi wao mahabusu ambao kesi zao hazijasikilizwa, katika majengo yasiyotosha hata nusu yao. Akiwa Inspekta Jenerali wa Magereza, Bedi alianzisha sanduku la malalamiko lenye kufuli, likazungushwa kwa wafungwa, ili barua zifike ofisini kwake bila kupitia kwa walinzi waliolalamikiwa. Mwaka 1994 wafungwa zaidi ya 1,000 walifanya pamoja tafakuri ya Vipassana, mazoezi ya kale ya Kihindi ya kutuliza akili, ndani ya gereza, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo kubwa ya bara la Asia. Nawasihi wanaoandika kwamba aliyaweza hayo kwa “huruma ya mama” waache, kwa sababu kuwanyang’anya walinzi uwezo wa kuzima malalamiko ni kazi ya utawala, na mwanamume angeifanya angesifiwa kwa uongozi wake.

*Kwa nini hakuwa Kamishna wa Polisi wa Delhi?*

Mwaka 2007 serikali ilimteua Y. S. Dadwal, aliyekuwa nyuma yake kwa miaka miwili kazini. Bedi alilalamika hadharani, kisha akaomba kustaafu kabla ya wakati. Wanaodai kwamba alisusa wajiulize ni mwanamume gani angevumilia kurukwa hivyo baada ya miaka 35 ya utumishi.

*Na siasa?*

Aligombea kiti katika bunge la Delhi mwaka 2015, akashindwa. Rekodi yake ya polisi haihukumiwi kwa kura hizo.

*Je, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza polisi wa jimbo zima?*

Siye. Ni Kanchan Chaudhary Bhattacharya, aliyekabidhiwa polisi wa Uttarakhand mwaka 2004. Msimpe Bedi sifa ya mwenzake. Anazo zake za kutosha.