Kutaja majina ya bidhaa halisi katika mchezo wa kuigiza

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Kikundi chetu hapa Moshi kinatunga michezo ya redio na filamu fupi. Wahusika wetu hutaja soda na bia kwa majina yake halisi, mazungumzo yafanane na ya mtaani. Katika mchezo mpya kuna mtoto anayeharisha baada ya kunywa soda ya kampuni maarufu. Wenzangu wanasema hii ni hadithi tu. Je, tuna dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, ndugu yangu. Asili ya mambo ya kawaida ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Mhusika akipanda bajaji, akafulia Omo, akapaka mkate Blue Band, hajamdhulumu mtu. Hukumu inakuja kwa kile mnachokibandika juu ya jina.

Kwa hiyo tukio la soda liondoeni. Msikilizaji anajua mtoto ni wa kubuni, lakini chupa ni ya kweli na ipo dukani kwa Mangi. Kesho mama ataiona rafuni na kuiogopa. Mmemzulia mwenye mali kasoro msiyo na ushahidi nayo, na kutangaza mwanzoni kwamba matukio yote ni ya kubuni hakumrudishii mteja wake. Allah anasema katika Suratul Israa, aya ya 36: “Wala usiyafuate usiyo na ujuzi nayo.” Na katika hadithi ya muflis, yaani aliyefilisika, aliyoipokea Imam Muslim, mtu anakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, kisha mema yake yanagawiwa aliowatukana na kuwazulia. Andikeni “soda” tu. Mchezo haupungui kitu. Kama kasoro ni ya kweli, ipelekeni Shirika la Viwango, TBS.

Bia ni nzito zaidi. Mlevi anaweza kuonyeshwa ili ubaya wa ulevi uonekane, lakini jina la bia yake la nini? Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya pombe, wakiwemo anayeibeba na anayeiuza, na kuitangaza ni kumsaidia muuzaji. Kwenu Moshi kuna mtego pia: Kilimanjaro ni mlima, ni maji ya kunywa, na ni bia. Redioni, mhusika akisema “nipe Kilimanjaro ya baridi”, chupa haionekani. Aseme “nipe maji ya baridi”, basi.

Kampuni ya bidhaa halali ikiwalipa mtaje jina lake, pokeeni, ila msisifu msichokijua, na wasikilizaji waambiwe kuwa ni tangazo. Ya pombe au kamari msipokee, hata kama jina litapita mara moja.

Kagueni muswada kabla ya kurekodi, mkipigia mstari kila jina. Kwenye filamu, bandueni karatasi ya chupa au igeuzeni. Lebo iliyosahaulika hutiwa ukungu wakati wa kuhariri. Sauti haina tiba rahisi hivyo: ukikata jina, sentensi hukatika na muziki ulio chini yake huruka. Kila sentensi yenye jina mnalolitilia shaka irekodiwe mara mbili siku hiyohiyo, kwa maikrofoni ileile, ya pili bila jina.

Kama mchezo umeshakwenda hewani, kujuta peke yake hakutoshi, kwa kuwa hii ni haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzenu. Usirushwe tena, mwombeni radhi mwenye bidhaa, na masahihisho yasomwe kwenye redio ileile, saa ileile. Wallahu a'lam.