Mtama pori kwenye karanga

Mkuu, umeuliza kama kile kifaa cha kupaka dawa kinachofungwa kwenye trekta kitaua mtama pori bila kuunguza karanga zako huko Kongwa. Kitaua, ila lazima magugu yazipite karanga kwa urefu, sentimita 15 au zaidi, ili kitambaa chake chenye dawa kiguse magugu tu. Glaifoseti, ndiyo dawa yenyewe ya kuua magugu, haichagui mmea, ikidondokea karanga nazo zinakauka. Kipimo fuata kibandiko cha dawa. Mimi kabla ya kuingia shambani huvaa glavu nikaminya kile kitambaa: kiwe kinyevu, kisidondoshe hata tone. Nenda polepole, kisha rudia mstari huohuo ukitokea upande wa pili, maana shina likilala hupakwa upande mmoja tu. Umande ukauke kwanza. Yale mafupi, ndugu yangu, yafuate na jembe.