Neno la Babu Nililolikata kwa Peni

Kwa bibi yangu, Kongwa mkoani Dodoma, mbele ya mlango wa jiko la nje, kuna bamba la chuma lenye matundu manne. Wajukuu wote tumelikalia. Tumepondea ubuyu juu yake, na kila msimu wa kilimo ukikaribia majembe yaliyopinda hunyooshewa hapo kwa nyundo. Saa saba mchana ukilikalia bila kitenge utaruka mwenyewe. Katikati limeng'aa kwa kukaliwa, pembeni lina kutu ya kahawia inayobaki mkononi. Miaka yote niliyokulia pale sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Lilikuwepo tu, kama mbuyu ulivyokuwepo.

Ni kipande cha mnyororo wa katapila. Lilidondoka, au liliokotwa, au liliibwa (inategemea unamuuliza nani) enzi za mradi wa karanga. Wanaotoka sehemu zetu wanaujua mradi huo kwa simulizi, na wengine huenda mliukuta kwenye kitabu cha historia kwa mistari miwili. Uingereza ilitoka kwenye Vita Kuu ya Pili ikiwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwenye eneo la zaidi ya ekari milioni tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walianzia kwetu, mwaka 1947. Mwaka ule wa kwanza walilenga ekari 150,000, wakaambulia kama 7,500. Udongo wetu una mfinyanzi mwingi. Kiangazi kikishika unakuwa sakafu, unavuta shina la karanga linakuja mkononi, karanga zinabaki chini. Na mvua ya Ugogo, nchi yetu Wagogo, kila mtu anajua ilivyo haba. Januari 1951 Waingereza wakatangaza kwamba basi, wakiwa wameshateketeza zaidi ya pauni milioni 35.

Hayo yote niliyasoma chuoni, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mwaka 2014 nilikwenda likizo nikiwa na kaunta buku mpya na hamu ya kuandika maisha ya babu. Nilimweka kwenye kiti chake cha kamba, nikakaa kwenye bamba, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamuuliza kama afisa wa sensa: "Babu, ulizaliwa mwaka gani?" Akasema hajui mwaka, ila karanga zilipokuja yeye alikuwa anachunga ndama. Nikaandika. Akaendelea kuhusu miti. Akasema matrekta ya kwanza yalishindwa na miti, yakawa yanakufa moja baada ya jingine, ndipo wazungu wakaleta vifaru.

"Vifaru, babu? Wanyama?"

"Wanyama gani! Vya vita. Vimekatwa vichwa."

Nilitabasamu lile tabasamu la msomi. Nikaandika "vifaru", nikafikiri kidogo, nikakata kwa peni, pembeni nikaweka: "kachanganya na vita vya Kagera?" Kisha, kwa kuwa upumbavu haujui kuishia njiani, nikamwomba kadi yake ya kupigia kura. Imeandikwa amezaliwa 1 Januari 1947. Nikamwonyesha. "Babu, kwa kadi hii karanga zinakuja wewe ulikuwa mchanga, unanyonya. Ndama ulichungaje?"

Aliitazama kadi muda mrefu, mtu ambaye hasomi. Akanirudishia. "Basi kama kadi imeshasema, mimi nikuambie nini tena?" Akanyanyuka kwenda kuangalia mbuzi.

Hakugoma kabisa kuongea na mimi. Alinisimulia mambo ya shamba, ya jirani, ya mpira. Lakini habari za karanga zilikuwa zimefungwa, na kila nikizirudia alisema "soma kwenye vitabu vyako", wala hakuwa na hasira. Mwaka 2016 akafariki.

Miaka mitatu baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakutana na maelezo ya mitambo iliyoletwa Tanganyika kwa ajili ya mradi ule. Matrekta yalipokuwa haba, kampuni ya Vickers ya Uingereza ilichukua vifaru vya kivita aina ya Sherman vilivyobaki baada ya vita, ikavigeuza kuwa matrekta ya kung'olea miti. Viliitwa Shervick. Mzinga na kile kichwa kinachozunguka havikuwepo tena. Vimekatwa vichwa.

Nilikwenda kuitafuta kaunta buku. Nilikuwa nimekata neno lile kwa nguvu mpaka alama ya peni imetokea ukurasa wa pili.

Na ile kadi? Bibi ndiye aliyenieleza. Siku ya kuandikishwa, karani kijana alimuuliza babu amezaliwa lini, babu akajibu kwamba anazikumbuka karanga. Karani akaandika mwaka wa karanga. Kwa hiyo karatasi niliyomtolea babu kama ushahidi dhidi ya maneno yake ilikuwa imetokana na maneno yake hayohayo, yaliyosikika vibaya. Kwetu mtoto huanza na ndama jirani na boma akiwa na miaka sita au saba hivi, kisha hupewa mbuzi, ng'ombe baadaye sana. Babu alizaliwa kama 1940. Alikuwa ameniambia umri wake kwa usahihi kuliko serikali.

Tangu hapo nimeandika maisha ya wazee sita wa ukoo, wa baba na wa mama, na watu wananiuliza nafanyaje. Cha kwanza ninachowaambia ni kwamba mzee hasahihishwi. Hata akisema jambo unaloona haliwezekani kabisa, liandike kama alivyolitamka, kwa neno lake, halafu kalitafute ukiwa peke yako. Ukikuta amekosea, wewe umepata jambo jingine la thamani, maana umejua ukoo wako unakumbukaje. Ukikuta yuko sahihi, utashukuru kwamba hukufungua mdomo.

Cha pili ni miaka. Achana na "mwaka gani". Wagogo tulihesabu miaka kwa njaa, na njaa kubwa zilipewa majina. Mama yake babu alizaliwa wakati wa Mtunya, na kwa muda mrefu nilidhani Mtunya ni kijiji. Kumbe ni njaa ya kuanzia 1917 hadi 1920. Majeshi ya Mjerumani na ya Mwingereza yalipita Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakata, na homa ya mafua ya 1918 ikawakuta watu wameshakwisha nguvu. Walikufa maelfu. Jina lenyewe lina maana ya kugombania, kunyang'anyana. Mathias Mnyampala, mshairi wetu aliyetupa ngonjera, ambaye pia aliandika historia ya Wagogo kwa Kiswahili, ikatoka 1954, alizaliwa 1917, yaani rika moja na mama yake babu. Nilipoligundua hilo, bibi mkuu niliyekuwa namjua kwa jina tu akawa ghafla mtu mwenye wenzake.

Kwa hiyo kabla sijamwendea mzee yeyote, naandaa ukurasa mmoja wa kalenda ya mahali alikoishi. Kwa Kongwa niliandika Mtunya, karanga, uhuru, wapigania uhuru, Operesheni Dodoma ya kuhamia vijijini, vita vya Kagera. Kila tukio miaka yake, na mbele yake nafasi tupu. Ukurasa huo simwonyeshi. Yeye anasema "nilimzaa shangazi yako wale vijana wa Msumbiji wameshafika", mimi najua ni baada ya 1964, maana ndipo FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipoweka kambi Kongwa, kisha wakaja ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia na wengine, wakakaa humohumo kwenye mabaki ya mradi wa karanga. Ukiwa pwani au Songea kalenda yako itakuwa nyingine. Itengeneze.

Halafu usiende na swali kubwa. "Nieleze maisha yako" humfanya mtu akae wima na kuanza hotuba, utapata shukrani kwa Mungu na usia kwa vijana. Mimi siku hizi naenda na kazi. Tunachambua mlenda, tunapukuchua mahindi, mikono ina shughuli na macho hayatazamani. Nauliza vitu: kikombe cha maziwa mliwauzia wale vijana kwa senti ngapi? Kilikuwa kikombe gani? Bibi alinyanyuka akanionyesha, cha bati, rangi ya samawati imebanduka mdomoni. Alikipimia maziwa kwa miaka na anajua mpaka leo nani aliondoka bila kulipa. Swali la kikombe lilinipa saa mbili za historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika ambazo sikuzipata darasani.

Rekodi kwa simu kama mzee ameridhia, lakini usiiamini simu. Mahojiano yangu mawili yamekwenda na memori kadi, na sitaki kuyazungumzia. Siku hiyohiyo usiku, kabla ya kulala, andika kwa mkono. Na mwache aongee lugha yake. Babu alipokuwa akitafuta neno la Kiswahili alikuwa mtu mwingine, mfupi, wa tahadhari. Kwa Kigogo alikuwa na mizaha. Mimi Kigogo changu ni cha salamu ya mbukwenyi na kuomba maji, kwa hiyo humchukua binamu akae nasi, na neno nisilolielewa naliandika linavyosikika.

Kuna watakaokataa. Mzee mmoja upande wa mama aliniambia mambo ya mwaka fulani hayasemwi nyumbani kwake, nikafunga daftari tukala. Usimzungushe kwa hila. Si lazima ukoo mzima uingie kwenye kaunta buku yako.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitawanywa kusini kuwahoji wazee waliouona Maji Maji, vita vya 1905 hadi 1907. Ni miaka 60 na kidogo baada ya vita. Tangu katapila la kwanza liingie Kongwa imeshapita zaidi ya 70. Fanya hesabu ya nyumbani kwenu mwenyewe, halafu uangalie nauli.

Jambo la mwisho nililijua kwa kuchelewa: wanawake wahoji peke yao. Nilipokuwa namhoji babu, bibi alikuwa jikoni anaguna. Kila baada ya muda ilitoka sauti, "Mh!" Nilidhani moshi. Alipobaki peke yake ndipo nikamsomea nilichokuwa nimekiandika kuhusu Operesheni Dodoma, mwaka 1971, Mwalimu mwenyewe akiwa Chamwino anafyatua matofali na watu wanahamishwa kwenda vijiji vipya. Babu alinisimulia kwamba walibomoa tembe, wakabeba boriti ili wasianze upya, na kwamba njiani mbuzi mmoja alikufa kwa kiu.

Bibi aliacha kupepeta. "Amekufa kwa kiu?"

"Ndivyo alivyosema babu."

"Boriti zile nani alibeba? Aliwaita vijana wanne wa kina mjomba wake. Vijana wanabeba bure? Walichinjiwa." Akarudi kwenye ungo, akapepeta mara mbili tatu, akasimama tena. "Sasa umekata yale ya babu yako?"

Nikamwambia hapana, siku hizi sikati. Nimeacha yake, na yake yeye nayaandika chini yake.

"Vizuri. Basi andika hapo chini na hili, kwamba yule mbuzi alikuwa wangu. Nilitoka naye kwetu."