Miaka ya Ken Adam haikupotea (au ilipotea nusu)

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Aliyesomea fani moja akaishia nyingine, miaka yake imepotea?", nalijibu kwa Ken Adam, msanifu majengo aliyeishia kuchora seti za filamu: haikupotea hata mmoja. Ila mimi nataka kujua ni kitu gani hasa alichohama nacho.

Alizaliwa Berlin 1921 katika familia ya Kiyahudi, wakakimbilia Uingereza 1934. Akasomea usanifu majengo London, kisha vitani akarusha ndege za kivita za Typhoon za kikosi cha 609 cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, zenye roketi nane chini ya mabawa. Baada ya vita akaingia kuchora seti za filamu.

Chukua ule ukumbi wa vita wa Dr. Strangelove, filamu ya 1964 kuhusu vita vya nyuklia, uliojengwa katika studio za Shepperton, Uingereza. Mchoro wa kwanza ulikuwa na ghorofa. Mwongozaji, Stanley Kubrick, akaukubali, wiki chache baadaye akaukataa, hakujua kule juu awajaze akina nani. Adam akachora upya, kuta zikiinamiana pembetatu kama handaki la zege, urefu futi 130, upana 100. Meza ya duara ya futi 22 ikavishwa kitambaa cha kijani cha meza ya kamari, na filamu yenyewe ni nyeusi na nyeupe! Kubrick alitaka waigizaji wajione wanacheza karata, dau likiwa dunia. Pete ya taa juu yake ndiyo iliyowamulika nyuso.

Tatizo lilikuwa ramani za ukutani. Picha kubwa zilibandikwa kwenye plaiwudi, alama zikatobolewa na kuzibwa kwa perspeksi (plastiki angavu), nyuma ya kila alama balbu. Balbu zilipowaka pamoja, joto likapanda, picha zikavimba na kubanduka. Ikabidi vifungwe viyoyozi.

Hapa naanza kuyumba. Kupitisha hewa si somo la msanifu? Na ile Fort Knox, ghala la dhahabu la Marekani, aliyoichora kwa filamu ya James Bond, Goldfinger: dhahabu imerundikwa kuelekea darini. Dhahabu ni nzito mno kupangwa hivyo. Mwenye kujali mzigo asingeichora. Yeye aliichora, nasi tukaipenda. (Urubani nauweka kando: hata chumba cha marubani wa B-52, ndege ya mabomu ya Marekani iliyomo katika Dr. Strangelove, alikijenga kwa kutazama picha zilizochapishwa, maana jeshi la anga la Marekani halikutoa msaada.)

Kwa hiyo nasema nusu ilipotea. Lakini Oscar zake mbili, za Barry Lyndon na The Madness of King George, hazikutokana na mahandaki hayo. Barry Lyndon ilipigwa zaidi ndani ya majumba ya kale yaliyokwisha kujengwa na wengine, kazi ikawa kujua chumba kipi ni cha zama zipi. Na hilo, nakubali shingo upande, ni la shuleni.