Benki zimeungana, naambiwa nipishe vijana

SWALI: Nina miaka 54, ni keshia wa benki hapa Mwanza tangu 2003. Benki yetu imeunganishwa na nyingine. Meneja mpya ananiita "bibi" mbele ya wateja, na juzi amenipa fomu ya kuondoka kwa hiari, nisaini kabla ya Ijumaa. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo mama. Usisaini kwanza! Hiari gani hiyo ya kupangiwa siku? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa umri. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na vigezo vya kuchagua wanaoondoka, kisha ashauriane nanyi au na chama chenu. Kuungana kwa benki hakumwondolei wajibu huo.

Andika tarehe, maneno aliyosema na waliosikia. Linganisha kiasi kilichomo kwenye fomu na kiinua mgongo cha kisheria: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 10. Hicho ni kima cha chini tu, una haki ya kudai zaidi.

Wakikuachisha, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Nakuomba sana, usizimalize ukisubiri ahadi za mdomo.