Kabla ya kuniomba prompti, niambie ni saa ngapi Lubumbashi

Tangu niandike kwamba ripoti ya kufunga mwezi pale kazini sasa inajitoa yenyewe alfajiri, simu yangu haitulii. Ujumbe wa mwisho umetoka kwa kijana wa Likasi: "Yaya, jambo sana. Unitumie basi zile prompti zako, na mimi niache kulala ofisini." Prompti ni yale maelekezo mtu anayoiandikia AI (akili bandia). Ninamjibu hapa ili wengine nao wasome, na jibu litakuwa refu, maana jambo lenyewe bado linaniuma.

Ninasimamia databezi, yaani hifadhi ya data, ya kampuni ya malori hapa Lubumbashi. Lori linapakia, linapimwa kwenye mizani, linashika njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kila tikiti ya mizani inaingia PostgreSQL, programu inayotunza databezi yetu. Zamani, mwisho wa mwezi ukifika, tulikuwa tunabaki na watu wa uhasibu hadi usiku, tukihamisha tarakimu kutoka faili moja la Excel kwenda lingine, jenereta inanguruma nje. Namna nilivyojifunza Python, lugha ya kuandikia programu, nitairuka, haina utamu wowote.

Skripti yenyewe, yaani programu fupi inayotoa ripoti, iliandikwa na AI, sikatai. Niliieleza majedwali yalivyo na ninachotaka, kodi (maandishi ya programu, si ile ya serikali) ikaja papo hapo, safi, na maelezo yake kwa Kifaransa kizuri kuliko changu. Wengi wangeiweka kazini vile vile.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimeiambia kwamba seva (kompyuta inayobeba databezi) inatunza muda kwa UTC, saa ya kimataifa ya rejea, na kwamba kampuni iko Kongo. Ikachagua ukanda wa saa unaoitwa Africa/Kinshasa. Mtu wa mbali ataona ni sawa, si ndiyo mji mkuu? Lakini Kinshasa wako UTC+1, sisi huku Katanga tuko UTC+2. Lori lililopimwa hapa saa sita na nusu usiku, kwenye ripoti linakuwa la saa tano na nusu, yaani la jana. Na malori yetu mengi hupimwa usiku. Usiku wa kuamkia tarehe mosi ndiyo balaa: tani za mwezi mpya zinarudi kwenye mwezi uliokwisha, na mteja anakuja asubuhi na ankara mbili mkononi, anataka kujua ipi ni ya kweli. Nililiona kwa sababu nasoma kila mstari. Nikaandika Africa/Lubumbashi, kwisha. Mashine ililijua jina hilo tangu mwanzo, ila mwenye kujua mizani iko wapi ni mimi.

Kisha safu ya pesa. AI ilikuwa imeiweka integer, aina ya namba kamili ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa dola unaishi vizuri. Kwa faranga, mkataba mmoja wa mgodi unaweza kuivuka, na databezi inakataa kuandika. Nikaweka numeric, aina isiyo na mpaka huo, na pembeni safu ya sarafu, kwa kuwa huku mtu analipa nusu dola na nusu faranga na hakuna anayeshangaa.

Siku ripoti ya kwanza ilipotoka, mkubwa mmoja akasema mbele ya watu wote: "Kumbe ni AI inafanya. Sasa huyu tunamlipa ya nini?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Lakini ni yeye huyo huyo aliyekuwa akisaini marekebisho ya ankara kila mwezi. Siku hizi hasaini, na hajawahi kujiuliza kwa nini.

Kwa hiyo, wadogo zangu, prompti zangu ni maneno ya kawaida tu, hata ningewapa zote hazingewasaidia. Jueni data zenu. Someni kodi mnayopewa, mstari kwa mstari, na mstari usioeleweka muulizeni AI yenyewe aufafanue, halafu ujaribiwe kwenye nakala ya databezi, si kwenye ile ya kazi. Nasema tena, someni. AI ikikupa EXPLAIN ANALYZE (amri ya kupima utekelezaji) mbele ya DELETE (amri ya kufuta) ili uone kwa nini inachelewa, jua kwamba ANALYZE inaitekeleza amri kweli kweli, na mistari itafutika. Ifunge kati ya BEGIN na ROLLBACK, ili mabadiliko yarudishwe nyuma.

Bakapu nayo ni hivyo hivyo. Utapewa pg_dump, inayotoa nakala ya akiba ya databezi, ikimwaga kwenye gzip, inayoibana iwe ndogo. pg_dump ikianguka katikati, gzip inamaliza kazi yake kimya, na skripti inatangaza kwamba mambo yameenda sawa. Weka set -o pipefail juu ya skripti yako ya bash, ili kosa la pg_dump lisifichwe, na mara kwa mara urudishe bakapu kwenye databezi tupu uone kama inafunguka. Umeme wetu mnaujua.

Na jambo ambalo vijana hawapendi kulisikia: msibandike majina na namba za simu za wateja kwenye AI ya mtandaoni. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali tangu 2023, na inalinda data za watu. Tena hakuna haja. AI inahitaji majina ya safu na aina zake, na mistari mitano ya kubuni. Mimi madereva wangu wa kubuni wote ninawapa majina ya samaki, na kodi inatoka ile ile.