Ukifika Santa Catalina, Anzia Penye Kimia

Mara ya kwanza nilipoingia katika Monasteri ya Santa Catalina mjini Arequipa, kusini mwa Peru, nilitoka baada ya saa moja nikiwa na picha tele za kuta nyekundu na za buluu, lakini sikuwa nimeelewa lolote kuhusu wanawake walioishi nyuma ya kuta hizo. Usiku nilipozipitia picha zile niliona aibu, kwa maana zingeweza kuwa za hoteli yoyote iliyopakwa rangi vizuri. Kesho yake nililipa kiingilio upya, safari hii nikachukua mwongozaji, na ziara hiyo ya pili ndiyo inayonipa ujasiri wa kumshauri mwingine.

Kwanza, jipe muda. Monasteri hii ilianzishwa mwaka 1579 kwa ajili ya watawa wa kike wa shirika la Kikatoliki la Wadominiko wanaoishi ndani ya ugo, yaani bila kutoka nje ya kuta zao, na eneo lake ni takriban mita za mraba 20,000, lenye vijia vilivyopewa majina ya miji ya Hispania kama Córdoba, Toledo na Sevilla. Kwa hiyo usiitengee chini ya saa tatu. Waongozaji hupatikana mlangoni, ila malipo yao hayamo katika tiketi. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na jua lake huchoma kuliko unavyolihisi, basi beba kofia, na uvae viatu bapa kwa sababu vijia vimetandikwa mawe.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kutokukipita haraka chumba cha mazungumzo kilichoko karibu na lango. Wengi hukipita kwa kuwa kina giza na hakipendezi kwenye picha, ilhali ndicho kinachofafanua kila kitu utakachokiona mbele. Hapo mtawa alizungumza na ndugu zake kupitia dirisha lenye kimia, yaani kiwambo cha matundu madogo, hivi kwamba mama aliyekuja kumjulia hali bintiye aliisikia sauti bila kuuona uso sawasawa. Pembeni lipo kasha la mbao linalozunguka: mtu wa nje aliweka mzigo wake, akalisukuma, nalo likageukia ndani bila mikono kugusana wala macho kukutana. Mwongozaji wetu alipolizungusha, lilitoa mlio wa mbao kuukuu, nami nikajikuta nimeinama kuchungulia. Sikuambulia kitu ila ubao, maana liliundwa hivyo kusudi.

Ukishaelewa ugo, bado usidhani kwamba wote waliomo ndani waliishi kwa ufukara. Katika karne za mwanzo wengi walikuwa mabinti wa familia tajiri zenye asili ya Kihispania, nao waliingia na mahari, ambayo hapa ilitolewa na wazazi wa binti na kupokewa na monasteri. Matetemeko ya ardhi yalipoharibu majengo, familia ziliwajengea jamaa zao nyumba ndogo ndogo za mawe, ndiyo sababu mahali hapa panafanana na mji kuliko na bweni. Ingia katika jiko mojawapo, inua macho, utaona masizi yaliyoshika dari na kuta. Kisha jiulize nani alikuwa akikoka moto huo, kwani watawa hao walihudumiwa na wajakazi na watumwa. Hali hiyo ilikomeshwa mwaka 1871, pale Sista Josefa Cadena, aliyetumwa na Papa Pio IX, alipowarudisha watawa kwenye maisha ya pamoja, ya kula na kulala pamoja. Nilipojua hayo, rangi za kuta zilipungua uzuri kidogo machoni pangu, na sioni ubaya wa kulisema.

Mahali pa kufulia nguo pana mitungi mikubwa ya udongo iliyopasuliwa nusu kwa nusu, ikapangwa pande mbili za mfereji mwembamba. Mwombe mwongozaji akuonyeshe: akiuziba mfereji kwa kiganja, maji huacha njia yake na kumiminika katika mtungi ulio jirani. Katika ua wa michungwa, nao, utaoneshwa picha za watawa waliochorwa baada ya kufa, macho yamefumba, kwa kuwa wakiwa hai hawakuruhusiwa kuchorwa. Hapo sikupiga picha, ingawa hakuna aliyenikataza.

Mwisho kuna suala la adabu. Milango ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1970, lakini watawa hawakuhama. Wamo katika sehemu yao, wanasali na kufanya kazi wakati wewe unatembea. Juu ya tao la ua wa mwanzo limeandikwa neno la Kihispania linalomaanisha ukimya, na si pambo. Zungumza kwa sauti ya chini, vaa nguo ambazo ungeendea misani, na ukifika penye mlango uliofungwa usijaribu kitasa. Nilimwona mgeni mmoja akiinua simu juu ya ukuta ili anase picha ya upande wa pili. Mwongozaji, aliyekuwa mcheshi asubuhi nzima, alimshika mkono taratibu, akaushusha, kisha akaendelea na safari bila kusema neno.